Tunguu, Mijusi na Wapimaji

Wamarekani walipokuja Tunguu kupima mbingu, mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Mwaka 1960 Waingereza, ambao ndio waliokuwa wakituamulia mambo ya nje, walikubaliana na Marekani kijengwe kisiwani Unguja kituo kimoja kati ya vile vya kuzunguka dunia, vya kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Mahali palipochaguliwa ni hapa kwetu, nje ya mji upande wa mashariki, penye minazi na mawe. Zikasimamishwa nguzo, zikaletwa mashine za umeme, na ami yangu akapata kazi ya ulinzi getini. Mjini maneno yalikuwa mengi. Wako walioapa kwamba ni kituo cha makombora, na wanasiasa wakalifanya jambo lile ajenda ya mikutano. Sisi watoto tulichokiona ni wazungu waliovaa kaptula wakishinda ndani ya vyumba vyenye ubaridi, na ami akirudi jioni na habari zisizoaminika.

Habari iliyokuwa ngumu kuliko zote ilihusu sokwe. Tarehe 29 Novemba 1961 Marekani ilirusha sokwe anayeitwa Enos akazunguka dunia mara mbili. Alikuwa amefungwa nyaya mwilini, na mapigo ya moyo wake, pumzi zake na joto lake vilikuwa vikiteremka kwa redio kwenye vituo vya chini alikopita. Ami alisema, "Kuna nyani huko juu, na daktari yuko chini anamsikiliza moyo." Bibi akamwambia aache kunywa tembo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Februari 1962, akaja mtu, mwanaanga John Glenn, na sauti yake ikawa inazungumza na Zanzibar. Katika vituo vingi alikuwepo daktari wa kusoma mwili wa mtu aliye angani. Glenn alipewa mpira wa kuvuta ili moyo uende mbio, watu wa chini wapate kuona utatulia baada ya muda gani.

Katika habari hizi za kupima kwa mijusi naanza na sokwe kwa sababu yeye alitangulizwa mahali ambapo binadamu hakuwa na uhakika napo, mwili wake ukawa ndio chombo cha kupimia. Mwaka huohuo wa 1962, mwezi Julai, Marekani ililipua bomu la nyuklia juu kabisa ya Bahari ya Pasifiki, jaribio lililoitwa Starfish Prime, na chembe za mionzi zikajaa angani kiasi cha kuharibu setilaiti. Oktoba ya mwaka ule alipopanda mwanaanga Wally Schirra, ndani ya chombo chake ziliwekwa filamu za kupimia mionzi, ijulikane kama bado pana hatari. Kwa hiyo Tunguu, kijiji cha muhogo na mbaazi, ilikuwa tayari imo katika biashara ya kupima mionzi kabla skuli yetu haijapata darubini hata moja. Sasa, mionzi ilikuwa inapimwa kule juu. Kilichokuwa chini, chini ya miguu ya ami pale getini, hakuna aliyekiuliza. Na hali mvua za miaka ile, popote zilipoanguka duniani, ziliteremka na vumbi la majaribio ya mabomu, ndani yake mna strontiamu 90 inayokwenda kukaa mifupani kwa sababu mwili huidhania ni kalsiamu. Huko St. Louis, Marekani, walikuwa wakikusanya meno ya watoto yaliyong'oka ili waipime.

Kituo hakikudumu. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na siku ya pili Wamarekani wakachukuliwa na manowari yao, Manley. Mwezi wa Aprili Serikali ya Mapinduzi ikataka kituo kiondoke, nacho kikaondoka, kazi yake ikahamishiwa Tananarive, Madagascar. Wapimaji wakaenda na daftari zao. Ami alibaki na koti la mvua la kijeshi na tabia ya kutazama juu. Sisi tulibaki na zege, na kwenye zege walihamia mijusi.

Baba yangu alikuwa mpiga dawa. Wazee wa umri wangu, Unguja na Pemba, watamkumbuka mtu wa aina yake: kofia pana, bomba la chuma begani, mkono mmoja unasukuma pampu, mwingine umeshika fimbo ya kupulizia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za visiwa hivi zilipigwa dawa kwa ajili ya mbu wa malaria, dieldrini na DDT. Siku ya zamu yenu sheha anapita mapema. Vyombo vinatolewa nje, magodoro yanaanikwa uani, maji yanafunikwa, watoto wanapelekwa chini ya mwembe. Mpiga dawa anaanza mlangoni, anazunguka kuta kwa mistari iliyonyooka kutoka chini kwenda juu, kisha boriti, kisha upande wa ndani wa makuti. Dawa ikikauka huacha weupe kama wa chokaa iliyochujuka, na weupe ule haukutakiwa kufutwa. Ndiyo kazi yake: mbu ale, atue ukutani, afe.

Na waliotua ukutani si mbu peke yao. Asubuhi ya pili bibi alikuwa akifagia mende waliolala chali, na kuku wanawasubiri mlangoni. Na mijusi kafiri, wale weupe wa kwenye boriti, ambao usiku huwa wamekaa karibu na taa wakidokoa kila kinachoruka, tuliwaona wanatembea kama walevi, wengine wanaanguka kwenye mkeka. Bibi hakuwasikitikia hata kidogo. Kwa mila yetu mjusi kafiri ana deni la zamani: husimuliwa kwamba alipotiwa Nabii Ibrahim motoni, wanyama wengine walijaribu kuuzima moto na yeye akawa anaupuliza. Watoto tulikuwa tukimpiga kwa ndara tukitarajia thawabu. Dawa ilitupunguzia kazi, ndivyo bibi alivyoona.

Baba aliona vingine. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na jicho. Alisema nyumba iliyopigwa dawa mara ya tatu haina mjusi hata wa kutibu, na kwamba akitaka kujua kama mwenye nyumba amepaka chokaa mpya juu ya dawa, jambo lililokatazwa, haangalii ukuta, anaangalia boriti: mijusi wakiwa wengi, ujue dawa imefunikwa. Hiyo ni mbinu ya kazini tu, haikuandikwa popote. Nami nilipokuja kufanya kazi ya maabara ya skuli, nikawa naagiza majarida ya zamani na kusoma kila kilichokuja, ndipo nilipotambua kwamba watu wenye digrii wametumia miaka mingi kufika alipokuwa amesimama baba.

Maana DDT haiondoki upesi. Hukaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, ikageuka kuwa DDE, ambayo nayo haitoki. Mdudu huichukua kidogo. Mjusi hula wadudu wengi kila usiku, akajilimbikizia. Paka hula mjusi. Huko Sarawak, Borneo, baada ya upigaji dawa wa miaka ya 1950, paka walikufa na panya wakazidi, hata mwaka 1960 ndege ya jeshi la Uingereza ikateremsha paka kwa miavuli kijijini Bario. Kisa hicho kimeongezwa chumvi sana na wasimuliaji, ila paka wa miavuli walikuwepo.

Kwetu malaria ilipungua kweli, na nisiseme neno baya juu ya dawa iliyowaokoa wadogo zangu. Mwaka 1968 mradi ukasimamishwa, na miaka ya 1970 homa ikarudi. Miaka ya 1980 wapiga dawa wakapita tena na DDT, safari hii mbu wengine wakiwa wameshaizoea. Mwaka 2006 ikaja dawa nyingine, Icon, isiyo ya ukoo wa DDT, na pamoja na vyandarua malaria ikashuka hadi chini ya asilimia moja. Kila mzunguko uliacha takwimu safi: nyumba ngapi, kilo ngapi, watoto wangapi wenye vimelea. Hesabu ya kilichobaki ukutani, udongoni na ndani ya viumbe wa nyumba ndiyo sikupata kuiona.

Bara wanayo habari ya kutisha zaidi. Mwaka 1986 tani 170 za viuatilifu, DDT ikiwemo, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na muda, zililetwa kutoka Ugiriki kama msaada na kuwekwa shamba la serikali la Vikuge, Kibaha. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu ya mifuko. Mzigo uliobaki ulikuja kuondolewa, lakini watafiti waliokwenda kupima udongo miaka kadhaa baadaye walikuta sumu ingali tele. Mtu akiuliza kwa nini upime mnyama wakati unaweza kupima udongo, Vikuge ni mahali pazuri pa kumjibu. Udongo unakwambia sumu ipo. Haukwambii ni kiasi gani kinaingia mwilini mwa kinachoishi pale.

Hapo ndipo anapoingia mjusi, na sababu za kumchagua ni za kawaida kabisa. Hahami. Ndege aliyekutwa na sumu Tunguu huenda kaitoa Pemba au Misri, lakini mjusi wa mistari anayeota jua kwenye kizingiti changu amezaliwa ndani ya hatua chache na atafia hapohapo. Tumbo lake linagusa ardhi mchana kutwa. Anakula wadudu, kwa hiyo anakusanya yaliyotawanyika. Anaishi miaka ya kutosha kukusanya, na ni wengi kiasi kwamba ukichukua wachache hupungukiwi. Juu ya hayo ana mkia. Ncha ya mkia ikikatwa inaota tena, na ncha hiyo ndogo inatosha kupima zebaki, risasi na metali nyingine bila ya kumuua. Hakuna panya anayekupa fursa hiyo.

Aliyefanya kazi karibu na sisi ni Mwingereza M. R. K. Lambert. Miaka ya mwanzo ya 1990 alikwenda kaskazini magharibi ya Zimbabwe, ambako DDT ilikuwa ikipuliziwa mashina ya miti kwa ajili ya mbung'o, akahesabu mijusi kwenye maeneo yaliyopuliziwa na yasiyopuliziwa. Walipungua palipopuliziwa. Mjusi aliyemhesabu ni ndugu wa karibu sana wa huyu wetu mwenye mistari miwili ya rangi ya maziwa mgongoni, anayepanda kuta za nyumba zote za Unguja. Niliposoma hayo nilimkumbuka baba na boriti zake.

Upande wa mionzi, mwanzo ni jangwa la Nevada. Pale Rock Valley, ndani ya eneo la kujaribia mabomu, mtafiti Frederick Turner na wenzake walizungushia uzio kipande cha jangwa, na mwaka 1964, mwaka ule ule walioondoka Tunguu wenzao, wakapandisha juu ya mnara chanzo cha sesiamu 137 kilichokuwa kikimulika kipande kile mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya uzio walikuwemo mijusi. Hawakufa kwa wingi, na mtu anayepita angesema hakuna lililoharibika. Baada ya miaka kadhaa ikagundulika kwamba katika aina zile zinazoishi muda mrefu majike yamekuwa tasa, ovari zimetoweka. Kizazi kilikuwa kinazeeka bila ya kurithiwa. Mnyama wa maisha mafupi asingeonyesha hilo, kwani angezaa na kufa kabla kipimo hakijajaa.

Kwa hiyo jambo hili lilijulikana tangu mwaka 1971 walipochapisha. Pamoja na hayo, Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipotoa mwaka 2008 orodha yake ya viumbe 12 vya kurejelea katika kulinda mazingira, humo walitiwa paa, panya, bata, chura, samaki wawili, nyuki, kaa, nyungunyungu, msonobari, nyasi na mwani. Hakuna mjusi, hakuna nyoka, hakuna kasa. Kundi zima la watambaazi halimo. Orodha hiyo imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako unaweza kutembea siku nzima usione mjusi hata mmoja. Ingeandikiwa Tunguu, wangeanza naye.

Mambo yanabadilika taratibu. Fukushima, Japani, watafiti wamewabandika nyoka vipima mionzi vidogo pamoja na vifaa vya kuwafuata waendako, na wamejifunza mengi kwa sababu nyoka hatoki mtaani kwake. New Orleans, Marekani, ilitoka mwaka 2025 habari ya mijusi wadogo wa kahawia waliokutwa na risasi kwenye damu, wastani wa mikrogramu 955 kwa desilita, hali mtoto wa binadamu akifika 3.5 daktari wa Marekani anaitwa. Na wale mijusi wanakimbia, wanashika ukuta, wanakula. Risasi hiyo ni ya rangi za zamani na petroli ya zamani. Petroli yenye risasi Afrika kusini ya Sahara iliachwa kuuzwa Januari 2006, na kabla ya hapo ilichomwa miaka mingi mjini kwetu, Darajani na Mlandege. Vumbi lake halikupanda meli kuondoka.

Tukija kwenye mionzi ya asili, Afrika Mashariki haikosi pa kwenda. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna mwamba wa fosfati uliotokana na mavi na mifupa ya ndege, mnandi hasa, waliojaa kwenye ziwa la kale. Uligunduliwa mwaka 1956 na kuchimbwa tangu 1983. Watafiti wa Tanzania, Banzi na wenzake, walitoa mwaka 2000 vipimo vyao: radiamu 226 kiasi cha bekereli 5,760 kwa kilo moja ya jiwe, wakati udongo wa kawaida duniani una kama 35, na mionzi ya hewani karibu mara 28 ya wastani wa dunia. Hata chakula cha kuku cha pale kilikutwa na kiwango kinachokaribia kile cha jiwe lenyewe, maana wafugaji hukitia fosfati ili kuku apate madini. Pwani ya Kenya, huko Kwale, kuna kilima cha Mrima, kaya ya Wadigo, chenye thoriamu kwa asili yake, na mtafiti J. P. Patel aliandika habari zake mwaka 1991. Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna urani ya Mto Mkuju, ambayo kwa ajili yake mpaka wa urithi wa dunia wa Selous ulisogezwa mwaka 2012.

Namtumbo ndiko ningependa kuona mijusi wakipimwa sasa hivi, kabla mgodi haujakua. Mionzi ya asili ilikuwepo kabla ya mchimbaji, na mchimbaji akishaanza, atasema daima kwamba kilichopo ni cha Mungu. Asiyekuwa na kipimo cha kabla hana la kumjibu. Mifupa ya mjusi huhifadhi radiamu kwa kosa lilelile la kuidhania kalsiamu, kwa hivyo mijusi waliochukuliwa leo, wakakaushwa, wakachomwa majivu na kuwekwa mbele ya kipima gamma ndani ya kasha la risasi kwa siku moja au mbili, ni ushahidi ambao hakuna wakili atakayeubadilisha baadaye.

Unguja yenyewe haina la kutisha upande huo. Kisiwa ni mawe ya matumbawe, na mawe ya chokaa kwa kawaida yana urani na thoriamu kidogo kuliko itale ya bara. Wanaoniuliza kwa hofu huwa nawaambia mwili wa mtu mzima peke yake una bekereli zaidi ya 4,000 za potasiamu 40, ametembea nazo tangu kuzaliwa. Lakini kuwa na kidogo ni faida kwa mpimaji. Mahali penye mionzi haba, kitu kigeni hujitokeza upesi.

Na vitu vigeni vinakuja. Magari ya taka ya mjini sasa hupita Tunguu kwenda jaa la Kibele, na ndani ya taka siku hizi mna betri, simu, taa zenye zebaki, makopo ya dawa ya mende. Cheju, chini kidogo, kuna mabonde ya mpunga yanayotiwa mbolea ya viwandani, na mbolea ya fosfati, itoke wapi itokako, huja na chembe za urani na kadimiamu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanza Vuga mwaka 2001, kimehamishia makao yake hapa Tunguu, kwa hiyo vijana wenye koti jeupe wapo mwendo wa dakika chache kutoka kwenye jaa, mpunga na kijiji. Sijui kama kuna chuo kingine pwani hii kilichokaa vizuri namna hiyo.

Mjukuu wangu, anayesoma hapo, aliniuliza mjusi anakamatwaje bila ya kumwumiza. Nikamwambia, "Njoo uani." Unachukua uchelewa mrefu, ule uti wa ukuti, unaufunga kitanzi cha uzi wa mshipi kwenye ncha. Unakaribia pole ukiwa na jua usoni, kivuli chako kiwe nyuma. Mjusi anakutazama wewe, uchelewa haumshughulishi. Wengine hata huulamba. Unapitisha kitanzi kichwani, ukifika shingoni unainua kwa ghafla, na yuko hewani anapiga miguu. Umshike mabegani, kamwe usimshike mkia. Sisi tulifanya hivyo tukiwa watoto kwa ajili ya mchezo, na nimeona picha za maprofesa wa Marekani wakifanya hivyohivyo na fimbo za kuvulia samaki zenye bei ya mbuzi. Mjukuu alimpata wa kwanza mara moja, akanigeukia, "Babu, sasa nimpime nini?"

Swali zuri. Tulikaa barazani tukagawana kisiwa. Mjusi kafiri atusomee ndani ya nyumba: kuta zilizopigwa dawa enzi za baba na ambazo hazijabomolewa, bado zipo chache, upande wa Bungi na Unguja Ukuu. Mjusi wa mistari atusomee barabara na jaa. Yule mdogo mwenye kichwa cha manjano anayeishi shina moja la mnazi maisha yake yote, atusomee mashamba, ambako tangu miaka ya 1950, wakati mtaalamu wa wadudu M. J. Way akichunguza chungu maji moto na kunguni anayeharibu nazi, dieldrini na DDT zilipuliziwa minazi. Yule mweusi wa pwani, anayekimbia juu ya majabali maji yakitoka na kula vijidudu vya chumvi, atusomee kinachotoka mjini kwa njia ya bahari. Na guruguru wa shimoni atusomee udongo wa chini. Kwa kipimo cha kulinganishia, maweni ya Charawe, mbali na gari na mbolea.

Pana jambo moja ambalo mjukuu hakulitarajia. Kipimo cha kabla kipo, ila hakipo Unguja. Guruguru mkubwa wa kahawia alipewa jina lake la kisayansi na mtaalamu wa wanyama Duméril mwaka 1851 kutokana na mnyama aliyetoka Zanzibar, kabla ya gari, kabla ya DDT, kabla ya bomu. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyeishi Mjini Unguja miaka mingi ya karne ile, alipeleka London makasha ya wanyama wa nchi hizi, na mjusi mmoja wa bara, Agama kirkii, ana jina lake. Hapa nyumbani tuna Beit el Amani, makumbusho iliyofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 1925, na karibu yake jengo la viumbe lililofuata mwaka 1930, ambamo nilipelekwa na skuli nikatazama chupa za spiriti. R. H. W. Pakenham, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliendelea kuandika orodha ya watambaazi wa Unguja na Pemba hadi ikachapishwa mwaka 1983, na humo mna majina ya mahali walipopatikana.

Spiriti huharibu kipimo cha nyama, maana metali huhama kwenda kwenye maji yale, kwa hiyo ni mfupa ndio wa kuombwa, kipande cha mguu au cha mkia. Makumbusho huwa na fomu ya maombi ya aina hiyo. Mjukuu amekwenda kumwuliza mwalimu wake nani anayeijaza.